Watu wa Kona: Namna ya Kuitazama Picha Kuukuu ya Kamalondo

(Mhadhara uliotolewa Kamalondo, Lubumbashi, mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa komini. Umechapishwa kama ulivyosemwa. Maswali na majibu ya mwisho hayamo.)

  Nawashukuru waliopanga ratiba ya mpira, maana Mazembe wangekuwa wanacheza saa hizi hapo uwanjani kwao, ukumbi huu ungebaki na mimi na mlinzi.

Picha mnayoiona ukutani ni nakala iliyokuzwa. Yenyewe ipo mezani, chini ya kioo, na upana wake haufiki kiganja changu. Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe ya kona ya barabara mtaani humu, siku ya watu wengi. Ilinunuliwa Bruxelles, katika soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, ndani ya boksi la picha za familia ambazo hakuna tena wa kuzidai.

Kusudi langu jioni hii ni kuonesha namna ya kuitazama picha ya aina hii mpaka itoe kilichomo. Dai langu, ambalo nitalitetea kwa hoja tano, ni hili: thamani ya picha ya kona ya barabara imo katika yale ambayo mpigaji hakuyapanga, na mengi katika hayo hayasomeki na mtu yeyote duniani isipokuwa watu wa Kamalondo. Soko la Bruxelles liliipa picha hii bei. Majina ya waliomo yamebaki huku.

Hoja ya kwanza: picha ni kitu cha kushikwa

Simu zimetuzoesha kuona picha isiyo na uzito wala mgongo. Hii ina vyote viwili. Ni karatasi iliyopakwa jelatini yenye chumvi za fedha. Mwanga ukiigusa, kisha karatasi ikatiwa katika dawa, fedha hujitokeza na kubaki nyeusi palipopata mwanga. Weusi wa koti la yule bwana aliyesimama mlangoni ni madini halisi.

Wakusanyaji hutofautisha nakala iliyochapwa karibu na siku picha ilipopigwa na nakala iliyochapwa miaka mingi baadaye kutoka negativu ileile. Ya kwanza ndiyo wanayoilipia zaidi. Chukueni mfano wa Eugène Atget, aliyepiga mitaa na kona za Paris mpaka alipofariki mwaka 1927. Negativu zake nyingi ziliokolewa na Mmarekani, Berenice Abbott, naye katika miaka ya 1950 akachapa nakala mpya za baadhi yake. Ukiweka nakala ya Atget mwenyewe kando ya nakala ya Abbott, barabara ni ileile na mawe ni yaleyale, lakini joto la rangi, kina cha vivuli na hata ugumu wa karatasi ni tofauti. Kila mchapaji aliamua upya kipi kiwe gizani.

Yetu ni ya lini? Tuanze kwa kuigeuza. Mgongoni, kwa wino hafifu wa kiwandani, limeandikwa neno Gevaert. Gevaert ilikuwa kampuni ya Mortsel, karibu na Antwerpen, na mwaka 1964 iliungana na Agfa ya Ujerumani. Tangu hapo majina hayo mawili yakatembea pamoja. Jina likiwa peke yake, tunaelekea kabla ya muungano. Kisha nikaazima taa kwa kijana mmoja anayebadili dola pale mjini, ile ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti. Karibu katikati ya miaka ya 1950 viwanda vilianza kutia katika karatasi za picha dawa ya kuzidisha weupe, na dawa hiyo huwaka buluu chini ya taa hizo. Karatasi yetu haikuwaka. Kutowaka peke yake hakutoshi, maana si kila karatasi ya baadaye ilitiwa dawa. Lakini ukiunganisha na Gevaert, na kingo nyeupe zilizokatwa meno meno, tunaweza kusimama katika miaka kumi hivi baada ya vita vya 1940 hadi 1945 bila kuona haya. Ingekuwa karatasi yenye utando wa plastiki, ile isiyolowa, ningesema ni nakala ya mwisho wa miaka ya 1960 au baada yake, hata kama aliyemo ndani ni babu wa babu yangu.

Kadi za posta ni jambo jingine. Serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa kadi rasmi zenye picha tangu mwaka 1912, miaka miwili tu baada ya reli kufika hapa na mji kuanza. Baadaye jina la mchapishaji Nels, wa Bruxelles, likaenea migongoni mwa kadi za nchi nzima. Kadi hizo nyingi zilichapwa kwa wino. Weka kioo cha kukuzia utaona nukta au punje za wino. Picha ya fedha haina nukta. Muuzaji akikwambia anakuuzia picha halisi, mwombe kioo kabla ya kutoa mfuko.

Neno moja kwa wamama wenye albamu za nyumbani, hasa zile zenye kurasa za gundi zinazofunikwa na plastiki. Zitoeni picha humo polepole, leo kabla ya kesho. Gundi ile inakula karatasi, na unyevu wa masika unafungiwa ndani. Mgongoni andikeni kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni mwa mtu.

Hoja ya pili: kona ilizidi akili ya waliopima mtaa

Hapa nitakawia, maana ndipo penye nyama.

Kamalondo ilipimwa kwa rula. Mji wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, ulipoanza mwaka 1910, Waafrika waliwekwa hatua chache kutoka kwa Wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakahamishiwa huku, katika mtaa uliopewa jina la mfalme Albert. Kati ya mtaa na mji pakaachwa ukanda usiojengwa. Sababu iliyoandikwa ilikuwa afya: mbu wa malaria wasiweze kuruka kutoka kwetu kwenda kwao. Sammy Baloji, mtoto wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1978, aliushughulikia ukanda huo katika kazi yake ya mwaka 2013, akipanga picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani sambamba na picha za wadudu waliohifadhiwa katika makumbusho yetu. Anayepita leo kati ya mji na Kamalondo anauvuka ukanda ule bila kuujua, maana umejengwa.

Ndani ya mtaa wenyewe wapimaji walichora miraba. Barabara nyoofu, viwanja vinavyolingana. Askari akisimama mwisho mmoja wa barabara, aone mpaka mwisho wa pili.

Sasa fanyeni hesabu ambayo wapimaji wale hawakuifanya. Barabara mbili zikikatana zinazaa kona nne. Lupango wa katikati, yaani kiwanja kisicho cha kona, una uso mmoja wa barabara. Lupango wa kona una nyuso mbili. Anayeuza chumvi na sabuni kwenye kona anaonwa na wapita njia wa pande zote nne. Kwa hiyo duka likaenda kona. Fundi wa nguo akaweka cherehani yake ya miguu kwenye baraza ya kona. Mwenye baa akatoboa milango miwili, mmoja wa kuingilia mume na mwingine wa kutokea pale mke anapofika kumtafuta. (Wazee mnacheka, basi milango hiyo mnaijua.) Mpango uliotengenezwa ili watu waonekane kwa urahisi uliwapa watu mahali pa kuonana kila baada ya nyumba chache.

Linganisheni na kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi. Tangu karibu mwaka 1928 kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi kwa mikataba mirefu pamoja na wake na watoto wao, na ilipenda sana kupiga picha za sera hiyo: nyumba safu kwa safu, mtoto kwenye mizani ya zahanati, timu ya mpira imesimama na mikono kifuani. Kambini nyumba ilikuwa ya kampuni na posho ilikuwa ya kampuni. Mtu hakuwa na uso wa barabara wa kuukodisha kwa fundi wa nguo. Huku mtaani mambo yalikuwa mengine, hasa baada ya amri ya mwaka 1931 iliyounda vituo vya Waafrika walioishi nje ya utawala wa machifu, na Élisabethville kupewa chake mwaka 1932. Waliishi makarani, maseremala, wachuuzi, wapiga gita, wajane, na waliomaliza mkataba wasitake kurudi kijijini. Walikuwa chini ya sheria nyingi na kodi nyingi, lakini riziki yao ilitoka kwa wapita njia. Mshughuliko mnaouona ukutani ni watu wanaotegemeana bila bwana mmoja.

Tazameni basi. Kushoto kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, udongo wa kichuguu bila shaka, maana vichuguu vya Katanga vimejenga nusu ya utoto wetu. Paa ni la zinki. Barazani yupo fundi na cherehani, na nyuma yake nguo zilizomalizika zimetundikwa kwenye kamba. Mbele yake wanaume wamesimama na baiskeli, kinga kama tunavyosema hapa, na hakuna hata mmoja aliyepanda. Baiskeli siku hiyo ni kiti cha kuegemea. Katikati mwanamke anavuka na beseni kichwani, kikwembe kimefungwa juu ya kiuno, na mguu wake wa kulia ni ukungu mtupu kwa sababu ulikuwa hewani kamera ilipofunguka. Kulia kabisa, kibao cha duka kimekatwa na ukingo wa picha: zimebaki herufi tatu za mwisho. Chini ya kibao yupo mtoto, nusu yake imo, nusu imebaki nje.

Mpigaji aliyefundishwa shuleni angeona makosa matatu hapo: mguu wenye ukungu, kibao kilichokatwa, mtoto nusu. Kwangu hayo ndiyo mali. Fundi na wenye baiskeli mpigaji aliwachagua. Mguu, kibao na mtoto vilijileta vyenyewe.

Hoja ya tatu: kamera ilikuwa kiunoni

Picha hii ni mraba kamili. Negativu ya mraba wa sentimita sita hutoka katika kamera kama Rolleiflex, iliyoingia sokoni mwaka 1929 na kupendwa na wapigaji wa magazeti kwa miaka thelathini. Kamera hiyo haibandikwi jichoni. Unaishika kiunoni, unainamisha kichwa, unatazama kwenye kioo kilicho juu yake. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, anayepigwa anamwona mtu aliyeinamisha kichwa, hivyo hakazi uso. Pili, lensi inatazama kutoka chini, na watu wanaonekana warefu, vichwa vyao vimeegemea mbingu. Mpigaji huenda hakutaka kabisa kuwatukuza watu wa mtaa wa Albert. Kamera yake ilifanya hivyo kwa niaba yake.

Baada ya vita, picha nyingi rasmi za nchi hii zilitoka kwa Congopresse, shirika la picha la serikali ya kikoloni, lililokuwa na wapigaji kama Henri Goldstein na Carlo Lamote. Walikuwa mafundi hodari, hilo nalisema bila kinyongo. Picha zao zilisafiri na maelezo: hapa shule, hapa hospitali, hapa mtu aliyestaarabika anasoma gazeti kwenye kiti chake. Joseph Makula, Mkongo, aliingia humo mwaka 1956, na mkusanyo mkubwa wa picha za shirika hilo umehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Yetu haina muhuri wa Congopresse wala wa studio yoyote. Mgongoni kuna E'ville, kwa penseli, na namba iliyofutika. Nadhani ni mkono wa mtu binafsi: karani, fundi wa reli, labda mwalimu, aliyepita mtaani na kamera ghali shingoni. Hakutakiwa kuthibitisha chochote kwa mkubwa wake, na ndiyo maana alikubali fujo iingie ndani ya mraba.

Tofauti nyingine ni ya studio. Pwani ya Bahari ya Hindi ilikuwa na nyumba za picha zilizodumu vizazi: Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, ilipiga harusi na pasipoti, ikapiga pia mitaa ya Mji Mkongwe. Mtu akienda studio anachagua koti, saa, na upande wa uso anaoupenda. Picha ile ni hotuba yake mwenyewe. Katika picha ya kona hakuna aliyelipa ili awemo, wala aliyechana nywele kwa ajili yake. Sisemi moja ni ya kweli kuliko nyingine. Nasema ukiwa nazo zote mbili za mtu mmoja, ile ya studio na ile ya kona, ndipo unapoanza kumjua.

Hoja ya nne: vivuli na mabamba ni mashahidi

Vijana wa historia, hii ni yenu. Picha isiyo na tarehe inahojiwa kidogo kidogo.

Baiskeli za enzi hizo zilibeba bamba dogo la kodi, lenye mwaka. Katika picha hii bamba moja linaonekana chini ya tandiko la baiskeli ya pili, lakini kivuli kimemeza tarakimu. Nakala ya kidijitali yenye ukali zaidi inaweza kuzitoa; hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutoridhika na picha zilizopigwa kwa simu juu ya picha.

Kwa picha zinazotazama upande wa kiwanda kuna shahidi mkubwa kuliko wote. Tanuri la Lubumbashi liliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, na tangu hapo masalia yake yakamwagwa mahali pamoja mpaka yakawa mlima mweusi unaojulikana na kila mtu hapa. Mlima ulikua kwa miongo mingi, kisha tangu mwanzo wa karne hii ukaanza kupungua, kwa kuwa kuna wanaouchimba kutafuta kobalti. Picha yenye kilima kidogo na picha yenye mlima haziwezi kuwa za mwaka mmoja. Yetu kwa bahati mbaya inatazama upande mwingine.

Kivuli sasa. Vivuli vya watu hawa ni vifupi: ni karibu saa sita mchana. Vumbi ni kavu, hakuna alama ya maji katika mfereji, na mashati yote yamefungwa vifungo mpaka juu. Huu ni wakati wa kiangazi, tuseme Juni au Julai. Lubumbashi ipo kusini ya ikweta, nyuzi kumi na moja na zaidi. Miezi hiyo jua la saa sita hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli lazima kielekee kusini. Katika picha vivuli vinaelekea kwa fundi wa nguo. Basi baraza ya fundi ipo upande wa kusini wa barabara. Kwa kivuli cha saa sita tumefuta nusu ya kona zote za mtaa huu.

Hapo naacha, kwa makusudi. Wazee niliowaonesha picha hii mmoja mmoja, bila wenzao kusikia, walitaja kona moja. Sitaitaja jioni hii. Nikiitaja, kila mtu ataiona hapo hata kama haipo, maana jicho humtii aliyesema kwanza. Kila mmoja wenu atapewa karatasi aandike anachodhani, na jirani asichungulie. Majibu yakipingana na kivuli, kivuli kitashinda.

Hoja ya tano: kona haisemi yote

Picha ina saa moja tu, nayo ni ya mchana. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuzurura katika mji wa Wazungu bila kibali, na hakuna kona iliyopigwa picha saa hizo. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa katika mgomo walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa mji huu. Baadhi ya wanaume walioegemea baiskeli hapo ukutani walikuwa watu wazima mwaka ule. Nyuso zao hazisemi kitu. Mtu akitaka kuyajua hayo aende penye maandishi na rangi.

Aende kwa André Yav, aliyeandika mwaka 1965, kwa Kiswahili cha hapa hapa, historia ya Élisabethville kama walivyoijua waliotumika majumbani mwa Wazungu. Au aende kwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1947 na kuchora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja mwaka 1973 na 1974, akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili. Picha zile sasa zipo Amsterdam. Tshibumba alichora yale ambayo hapakuwa na kamera ya kuyaona, na ikambidi kuchagua kila kitu, hata rangi ya soksi. Kamera ya kona haikuchagua soksi, ilizichukua tu. Kwa hiyo mchoraji anatupa maana bila ajali, na picha inatupa ajali bila maana, na mwanahistoria mwenye akili hataki kukosa hata moja.

Ninalo neno kwa wazee wangu, kwa heshima. Nimewasikia wengine wakiitazama picha hii wakasema: tazama barabara ilivyokuwa safi, hakuna hata karatasi chini. Kweli ni safi. Lakini usafi ule ulikaguliwa na watu wenye mamlaka ya kuingia ndani ya lupango wako na kufunua chungu chako. Naupenda utaratibu wa mstari wa nyumba zile; siutamani mkono uliouweka. Ni vizuri tukubaliane kwamba mtu anaweza kuipenda picha bila kuutaka utawala uliokuwepo ilipopigwa. Uzuri wa yule mama mwenye beseni haukutolewa na gavana.

Baloji tena, katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006, alichukua watu wa picha za zamani za kazi migodini akawasimamisha mbele ya magofu ya siku zetu ya Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, wao bila rangi, magofu yakiwa na rangi. Watu wengine walihuzunika walipoziona. Mimi nilichokiona ni kwamba picha kuukuu bado inaweza kuajiriwa. Haikustaafu.

Yanayofuata

Mheshimiwa Burgumesta, sitaki kuondoka na makofi tu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wanaotafuta mada. Makumbusho ya taifa yapo mjini kwetu. Komini ina ukumbi huu, ambao Jumamosi asubuhi huwa mtupu. Naomba tuufungue Jumamosi hizo kwa kazi ya picha. Mtu alete albamu, akae kando yake wakati inapigwa nakala, arudi nayo nyumbani jioni ileile. Hakuna picha itakayobaki mikononi mwetu, hata ya usiku mmoja; nimeona albamu nyingi zilizoazimwa na hazikurudi. Kwa kila picha tuulize machache: nani, kona ipi, nani aliyepiga, na nani mwingine bado yupo hai wa kutuambia zaidi. Majibu yarekodiwe kwa sauti ya mzee mwenyewe, kwa lugha yake, na yasinyooshwe na mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Kuhusu picha za mtaa wetu zilizopo Tervuren, maombi ya mtafiti mmoja mmoja huenda polepole. Barua ya komini, ikitaja namba ya kila picha na jina la kila kona, itakuwa na uzito mwingine, kwa sababu tutakuwa tunaomba nakala huku tukitoa kitu ambacho wao hawana. Orodha hiyo tutaianza na kona za barabara, tuache kwanza makanisa, majengo ya serikali na sherehe za kutawazwa, ambazo tayari zina maelezo ya kutosha.

Karatasi zinapita sasa, na penseli zipo katika boksi lile karibu na mlango. Naomba zirudi, ni za shule. Wakati mnaandika, tuanze maswali. Ningependa kumsikia kwanza yule mama wa mstari wa pili, ambaye tangu hoja ya nne anatikisa kichwa kila ninapokitaja kivuli.